Mkwe Aliyeshindwa Darajani

Mtaani Kanyenye, hapa Tabora, ukimwuliza mtu nyumba ya Bi Hafsa, hakuonyeshi kwa kidole, anakusindikiza. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba ile. Marehemu mumewe, Mwalimu Sadiki, aliirithi, akaitunza, akaiacha kama alivyoikuta: kuta zinapakwa chokaa kila Ramadhani ikikaribia, baraza inafagiwa kabla jua halijapata habari, na juu ya mlango wa sebule yapo maandishi ya Kiarabu ya babu wa babu. Huyo babu alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, enzi zile watu walipotoka hapa kwa miguu hadi pwani wakiwa na pembe, chumvi, na vitu vingine ambavyo ukoo hauvizungumzi mbele ya wageni.

Bi Hafsa mwenyewe alifundisha jiografia shule ya sekondari mpaka akastaafu. Wanafunzi wake wengine sasa wana mvi, lakini wakikutana naye sokoni huficha simu nyuma ya mgongo, kana kwamba atawanyang'anya.

Sasa, mama huyu alikuwa na siri. Haikuwa ya mwanamume wala ya mganga; siri za aina hiyo Kanyenye ingezijua kabla yake. Siri yake ilikuwa kwamba alicheza michezo ya kompyuta.

Msimfikirie vibaya. Hakucheza ule mpira wa kwenye skrini unaowapigisha vijana kelele vibandani hadi swala ya alasiri inawapita. Bi Hafsa alipenda michezo ya polepole: ile ya mbinu, ambayo kila mtu hungoja zamu yake kama kwenye bao, ile ambayo mchezaji huvaa utu wa mtu mwingine akasafiri nao nchi hadi nchi, na ile ambayo ni hadithi tupu, ila inakusimamisha kila njia panda na kukuuliza: haya, wewe ungesemaje?

Ilianza ndani ya eda. Mwalimu Sadiki alipofariki, Bi Hafsa alikaa ndani kama dini inavyotaka. Wenye kutoa pole walikuja, wakala, wakaenda zao, nyumba ikabaki na mlio wa saa ya ukutani. Binti yake wa pekee, Najiat, ambaye ni tabibu huko Igunga, alimwachia kompyuta yake ya mkononi ili asome vitabu. Vitabu akavimaliza. Siku moja akabonyeza picha ya mlango mdogo wa mbao, akidhani ni kamusi, na mlango ukafunguka. Alipokuja kuinua uso, chai ilikuwa imepoa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa amekitazama kile kiti kitupu cha sebuleni.

Tangu hapo ikawa desturi. Baada ya adhuhuri, mlango unafungwa, miwani inavaliwa, kanga inatupwa begani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanajuma, mwanamke mwema ambaye mdomo wake haujawahi kupata komeo, alipouliza aliambiwa, "Ninasoma." Wala haukuwa uongo mtupu, michezo ile ina maandishi kuliko magazeti ya juma zima.

Kilichomtisha si dhambi. Alikwisha kupekua vitabu vya dini, hakuona palipokatazwa mjane kuongoza jeshi la kuchorwa. Kilichomtisha ni jina. Ukoo uliotoa virangozi, maimamu na mwalimu mkuu, leo usemwe kwamba umeishia kwa bibi anayebofyabofya vikatuni! Aliyejua alikuwa Najiat peke yake, na Najiat ndiye aliyepokea kwa simu hukumu zote za mama yake.

"Mama, umefika wapi?"

"Nimekwama. Kuna mzee kaniagiza nikamtafutie pete pangoni."

"Si uende?"

"Nimekwenda, mwanangu, ni mtu mzima. Lakini hakuitikia hata salamu! Nimetoka nchi ya mbali, miguu imejaa vumbi, hanikaribishi maji. Ananikodolea macho tu: nenda pangoni. Mzee gani huyo? Amelelewa wapi?"

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilimuudhi zaidi: shujaa wa michezo ile hapigi hodi. Anasukuma mlango wa watu, anaingia mpaka chumbani, anafunua mitungi, anakunywa asali ya mwenyewe, na mwenyewe amesimama palepale anasifia hali ya hewa. Bi Hafsa alijaribu kucheza bila kugusa vya watu. Akafika kwenye joka la mwisho akiwa na rungu moja na dhamiri safi, akaungua. Akarudia tangu mwanzo kwa adabu ileile, akaungua tena, na hakujuta.

Kisha hawa mashujaa wote ni yatima. "Umewahi kumwona mwenye shangazi?" alimwuliza Najiat. "Kijiji kinachomwa moto ukurasa wa kwanza, ndugu wote kwisha, kijana huru kama upepo. Najua sababu. Shujaa mwenye shangazi watatu asingefika hata lango la mji. Wangemwuliza anakwenda wapi, kwa nani, na amekula nini."

Kuhusu michezo ya hadithi alisema waandishi wake ni hodari, lakini hawajui watu wanavyozungumza. Unaulizwa jambo zito, la kufa na kupona, unapewa majibu matatu: la upole, la ufidhuli na la kutishia. Hakuna hata moja la kusema, "Nimekusikia, nitakwenda kushauriana na wenzangu." Mtu mzima anajibu papo kwa papo kama anauza nyanya?

Na jambo moja hakulifanya kamwe. Michezo mingi inakuruhusu kurudi nyuma mambo yakiharibika: mtu wako akifa, unafungua tena pale ulipohifadhi, yule anaamka kama hakikutokea kitu. Bi Hafsa alikataa. Aliyekufa amekufa. Unamzika, unawagawia wenzake mzigo wake, mnaendelea na njia. Najiat alipomwambia kwamba kila mtu anarudi nyuma, mama akasema, "Wanaorudi nyuma hawajafiwa." Hawakulizungumza tena.

Mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa misafara. Unapewa wapagazi, wanyama, chakula na ramani. Mpinzani wako, aliye popote duniani, naye ana msafara wake. Kila mmoja anapanga hatua zake na kumngoja mwenzake, na atakayefika ng'ambo na watu na mizigo ndiye mshindi. Hapa Bi Hafsa alikuwa nyumbani. Aliweka mpishi kabla ya mpiga bunduki. Alitanguliza wachunguza njia. Na mgonjwa hakumwacha nyuma hata siku moja: alimpandisha punda, na kama hakuna punda, mzigo unatupwa, mtu anabebwa.

Siku moja Najiat akamwambia, "Mama, kuna kundi la simu la wachezaji wa mchezo wako, wa hukuhuku kwetu: Tabora, Nzega, Igunga. Ni wachache na wana akili zao. Nikuunge?"

"Kwa jina langu? Wazimu huo!"

"Kwa jina lolote unalotaka."

Akaungwa kwa jina la Kirangozi. Na humo ndimo alimokutana na mtu wa Igunga aliyejiita Ng'ombe Mia.

Walianza kugombana siku ya kwanza. Ng'ombe Mia, kwa sauti nzito kama ya mtu anayeita mifugo ng'ambo ya mto, alituma ujumbe akiwafundisha wageni wa kundi: "Mgonjwa anakula, habebi. Mwacheni porini, msonge mbele." Bi Hafsa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akashika kitufe cha sauti.

"Ng'ombe Mia, samahani. Wewe ni Msukuma?"

"Wa kuzaliwa na kunyonyeshwa."

"Alhamdulillahi. Mimi Mnyamwezi. Basi sina haja ya kuchagua maneno."

Kwa maana utani wa Wanyamwezi na Wasukuma haukuanza jana. Mtani humwambia mtani wake lolote, hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Bi Hafsa, ambaye maishani mwake hakumtukana hata paka, aligundua kwamba alikuwa na akiba kubwa ajabu.

"Ninyi mliumbwa mkachunge," alimwambia. "Mkipewa watu mnawachapa fimbo na kuwapigia miluzi. Nikikukamata njiani nitakuuza pwani kwa kibaba cha chumvi, na mnunuzi atakurudisha."

"Bibi wee," akajibu Ng'ombe Mia, "babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia kifuani. Ndiyo maana hata wewe, kusogea hatua moja ni mpaka uombe ruhusa kwa marehemu."

Kundi zima lilicheka. Bi Hafsa alicheka pia, peke yake chumbani, kanga mdomoni ili Bi Mwanajuma asisikie.

Msimu wa mavuno ya mpunga wakapambana darajani. Mto umefurika, daraja ni moja, misafara ni miwili. Ng'ombe Mia, kama kawaida yake, akaswaga wanyama wote wapite kwanza. Bi Hafsa alikuwa amekwisha kumvusha mtu mmoja tu: mpishi. Mpishi akawasha moto wa majani mabichi upande wa pili, moshi ukalala juu ya daraja. Ng'ombe hawaendi kwenye moshi. Wakageuka, wakakutana na wenzao wanaokuja, na mali yote ya Igunga ikaingia mtoni na magunia yake. Msafara wa Kirangozi ukapita taratibu baadaye, wagonjwa mbele juu ya punda. Ng'ombe Mia alipotea kundini kwa muda, aliporudi akasema mtandao ulikuwa mbaya.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Najiat alipata mchumba. Kijana Nassibu, bwana shamba wa mpunga hukohuko Igunga, mstaarabu, mswalihina, anayemwamkia mtu kwa mikono miwili. Bi Hafsa alimpeleleza mpaka upande wa mama, hakukuta doa. Wazee wa kijana walikuja mara ya kwanza, wakalishwa, wakaambiwa kama inavyopasa: tumewasikia, tutawajibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Kila mtu alijua ni ndiyo. Lakini ndiyo haitolewi siku ya kuombwa, la sivyo watasema binti alikuwa amewachosha nyumbani.

Wakaja mara ya pili kulichukua jibu lao. Baba wa kijana, Mzee Doto, ambaye kwa desturi angebaki nyumbani na kumwachia mshenga kazi yake, safari hii alishikilia kuja mwenyewe. Wakapokelewa sebuleni na Issa, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye msemaji wa nyumba. Issa ni muuza asali, mtu mpole kama bidhaa yake. Hajamkatiza mtu maneno tangu azaliwe. Wanawake walikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia: Bi Hafsa, Najiat, na Bi Mwanajuma aliyejileta kusaidia kupakua pilau.

Mjue pia kwamba kwa watu wa huku, mkwe ni kitu cha kuogopwa. Mkwe humwiti kwa jina. Hukalii mkeka wake. Ukikutana naye njiani, unampisha na kuinamisha macho. Mama mkwe akimpandishia baba mkwe sauti, hata kwa bahati mbaya, wageni wana haki ya kuvaa viatu vyao na kuondoka na posa yao.

Mambo yalikwenda vizuri. Mshenga akasema maneno yake ya kuzunguka, Issa akamjibu kwa ya kuzunguka. Ikabaki chakula, kisha jibu. Issa, ili kimya kisikae, akauliza, "Na mzee mwenzangu, ukiacha kilimo, unajipumzishaje huko kwenu?"

"Nina ng'ombe wangu," ikajibu sauti nzito. "Na nikipumzika, nina mchezo wangu mmoja humu simuni, wa misafara."

Sauti ile ilivuka pazia ikamkuta Bi Hafsa na upawa wa pilau mkononi. Upawa ukasimama hewani. Akageuka polepole kumtazama binti yake.

Najiat alikuwa amekwisha kukunja kona ya mtandio mpaka imekuwa kamba. "Mama," alinong'ona, "nilijua ni yeye. Nilitaka mzoeane kwanza."

"Tumezoeana," akanong'ona Bi Hafsa. "Nimemwambia nitamwuza."

"Nani unamwuza?" akauliza Bi Mwanajuma, masikio yamesimama.

"Hakuna. Pakua." Akamvuta Najiat kando. "Kuanzia sasa mimi sina sauti. Wakiniuliza, nina mafua. Umenielewa? Mafua mpaka siku ya harusi."

Na ingewezekana. Mtu akijifunika kanga, akaitikia kwa kichwa, mkwe atajua nini? Lakini sebuleni Mzee Doto alikuwa amepata wasikilizaji, na mtu wa ng'ombe akipata wasikilizaji hana breki.

"Humo mna mwanamke mmoja wa hapahapa Tabora," alisema. "Ulimi wake upupu! Anajiita Kirangozi. Wenzangu hawa nimekwisha kuwasimulia. Nilimshinda darajani, nikamsukuma mtoni na punda wake, mpaka akaomba msamaha."

Waliofuatana naye wakaguna kwa kusifu. Bi Hafsa akauma kanga. Uongo wa ushindi aliweza kuumeza. Wanaume hudai wameua mamba wa mito mikubwa kuliko ule. Najiat alimshika mkono. Kwa ajili ya mkono ule, alinyamaza.

"Na mjue alikuwa mwoga namna gani," akaendelea Mzee Doto. "Aliwaacha wagonjwa wake wote ng'ambo, akakimbia peke yake."

"Mwongo wewe, Ng'ombe Mia!"

Kabla hajajua kwamba aliyesema ni yeye, sauti ya mwalimu wa jiografia ilikuwa imekwisha kupita pazia, kali, iliyonyooka, ya kusikika mpaka dawati la nyuma. "Wagonjwa wangu walivuka wa kwanza! Wewe ndiwe uliyelia kama ndama!"

Kijiko kilianguka mahali. Najiat alikaa chini sakafuni.

"Hiyo..." akaanza Issa, ambaye hajawahi kusema uongo na hakujua unaanzia wapi. "Hiyo ni redio. Mtuwie radhi. Redio ya jirani."

"Redio inayonijua jina?" Mzee Doto alikuwa amesimama. "Wananitukana mpaka hewani?"

Mshenga, mzee mkavu aliyefunga ndoa za watu nusu ya wilaya, aliinua mkono. "Kaeni. Nimesikia nilichosikia. Lakini kuna maneno ya namna mbili. Kama aliyesema ni mkwe, tunavaa viatu. Kama aliyesema ni mtani, tunakula pilau. Bwana Issa, nani amesema? Na kama ni mtani, utani wake na mzee wetu ulianza wapi, na nani shahidi?"

Ndani, Bi Hafsa aliona njia panda ileile aliyokuwa akiilaumu kwenye michezo. Akinyamaza, redio itabaki redio, nusu wataamini. Jina lake halitaguswa, ila Mzee Doto ataondoka, na Najiat atabaki na mtandio uliokunjwa. Akitoka, ataulizwa utani ulianza wapi, naye atajibu kweli, mbele ya shemeji yake, mbele ya wageni, na, Mungu amsaidie, mbele ya Bi Mwanajuma. Hakukuwa na jibu la kwenda kushauriana.

Aliweka upawa chini. Akarekebisha kanga, akavaa miwani, akafungua pazia.

"Assalaam alaykum," alisema. "Hakuna redio. Ni mimi."

Waliitikia salamu wakitazama mikeka.

"Jina langu mnalijua. Lile lingine ni Kirangozi, na nimelichukua kwa haki, maana babu wa nyumba hii aliongoza watu wa kweli hadi baharini. Nimecheza mchezo huo tangu nikae eda. Sikuiba, sikumdhulumu mtu, sikupitisha swala. Mtu wa Igunga aliniambia yeye ni Msukuma wa kuzaliwa na kunyonyeshwa, nikamjibu mimi Mnyamwezi. Utani wetu ulianzia hapo, na mashahidi ni kundi zima. Sikujua kwamba nazungumza na mkwe. Ningejua, ningemwuza kwa heshima."

Nyuma ya pazia Bi Mwanajuma alisikika akivuta pumzi ndefu, kama mtu anayejaza mtungi.

Mshenga akamgeukia Mzee Doto. "Mzee, ni kweli?"

"Sauti ndiyo hiyo," akasema Mzee Doto, macho chini.

"Basi mtani," akasema Bi Hafsa, "mbele ya hawa wenzako uliowasimulia. Nani alishinda darajani?"

Mzee Doto akajikuna shingo. Aliutazama mlango, akaitazama sinia ya pilau, akawatazama ndugu zake waliotoka naye Igunga wakimwita simba njia nzima. Kama angeshikilia ushindi wake, basi mama yule alimkashifu mkwe bure, na posa imekufa. Kama angemkubali kuwa mtani, ilimbidi ayakubali na maneno yake.

"Mkwe haulizwi hivyo," alijaribu.

"Nimemwuliza mtani."

"Moshi," akasema Mzee Doto hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. "Aliweka moshi. Ng'ombe wangu wakageuka."

"Na wagonjwa?"

"Walivuka. Juu ya punda. Niliwaona."

Mmoja wa ndugu zake akaanza kutikisika mabega. "Simba!" akasema. "Kumbe simba kaloa!" Hapo sebule nzima ikaangua kicheko, hata Issa alicheka mpaka akashika ukuta, na mshenga akafuta machozi kwa kofia yake. "Utani umethibiti," akatangaza. "Leteni pilau, tuleteeni na jibu letu."

Jibu likatoka, nalo lilikuwa ndiyo. Mshenga akaongeza sharti moja: utani uishe siku ndoa itakapofungwa. Kuanzia hapo hawa wawili ni wakwe, na heshima ya ukwe itawale, hadharani na simuni. Wote wawili wakakubali, na aliyewatazama vizuri aliona kwamba hakuna aliyekubali kwa furaha. Ilipofika kupanga tarehe, Mzee Doto akasema hakuna haraka, labda baada ya mavuno yajayo. Bi Hafsa akasema mkwe amenena kwa busara. Najiat akakohoa ndani kwa namna ambayo tarehe ilisogezwa karibu mara moja.

Kuhusu jina: kabla ya Ijumaa, Kanyenye yote ilijua. Bi Mwanajuma hakubakiza kitu, na alichokosa alikitunga. Yapo waliocheka. Yupo mama mmoja aliyemwuliza Bi Hafsa sokoni, mbele ya watu, kama ni kweli anacheza na watoto. "Na watoto hapana," akajibu. "Nacheza na wazee wa Igunga, na ninawashinda." Baadaye wanawake wa mtaa wakaanza kuja, mmojammoja, na visingizio vya kuazima kinu: mke wa fundi saa, dada wa muadhini, mwishowe Bi Mwanajuma mwenyewe, aliyetaka tu kuona huyo punda yukoje. Aliketi mpaka alasiri. Alipoondoka alikuwa na wapagazi wake, na alikuwa amemwacha mgonjwa mmoja porini, wakagombana.

Ndoa ikafungwa. Wakwe wakaacha kutaniana, kama walivyoahidi mbele ya wazee, lakini hakuna aliyewaambia waache kucheza. Wale wa kundini wanasema tangu siku ile hawajapata kuona vita vya adabu kama vile.

"Mkwe wangu mtukufu," Bi Hafsa aliandika juma lililopita katikati ya mchezo, kwa kuwa sasa haifai kumtumia sauti, "kwa unyenyekevu mkubwa na baada ya kukujulia hali, wewe na nyumba yako yote, naomba nikuarifu kwamba ghala lako la mpunga linawaka."

Jibu lilichelewa, kama inavyompasa mtu mzima.

"Nimepokea, mkwe. Sisi hatujambo. Naomba radhi kwa moshi uliokufikia."